Siku Moja na Jumuiya ya Sant'Egidio, Roma: Maswali Ambayo Wanafunzi Wenzangu wa Nairobi Huniuliza

Tumsifu Yesu Kristo.

Tangu nirudi kutoka Italia, kila Jumapili Misa ya wanafunzi ikiisha hubaki pale nje nikijibu maswali yale yale. Hao watu ni akina nani? Wanaoa au hawaoi? Mtu wa kawaida anaweza kuwatembelea? Nimeyaweka hapa pamoja na majibu ili kila mtu asome kwa nafasi yake. Mimi si msemaji wa Sant'Egidio wala si mwanachama. Ni mwanafunzi wa chuo hapa Nairobi niliyekwenda Ulaya kwa masomo mafupi, nikaomba kushinda nao siku nzima. Nilichokiona natamani kila kijana Mkatoliki wa jiji hili akijue.

Sant'Egidio ni nini hasa?

Ni jumuiya ya walei Wakatoliki. Ilianza Roma mwaka 1968, na aliyeianzisha, Andrea Riccardi, hakuwa padre wala mtawa. Alikuwa mwanafunzi wa sekondari mwenye umri wa miaka 18. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wa dunia nzima, ulikuwa umefungwa mwaka 1965, na Ulaya ilikuwa imejaa maandamano ya wanafunzi. Riccardi na wenzake wa shule wakaanza kukutana, kusoma Injili na kusali. Halafu wakatoka kwenda pembezoni mwa jiji, ambako watu waliohama kutoka mashambani na kusini mwa Italia walikuwa wakiishi kwenye vibanda vya mbao na mabati, wakawafundisha watoto wao masomo ya jioni.

Ndiyo, Roma ilikuwa na mitaa ya mabanda. Niliposikia hivyo nilifikiria Mathare na Mukuru papo hapo, na nadhani ndiyo sababu hadithi yao ilinishika. Sisi tumezoea kuona Wazungu wanakuja kwenye mabanda yetu na kamera. Hawa walianzia kwenye mabanda ya kwao, wakiwa na umri wetu, bila ufadhili na bila ofisi.

Mwaka 1973 walipata kanisa dogo la Mtakatifu Egidio mtaani Trastevere, na jina lao likatoka hapo. Vatikano iliwatambua rasmi mwaka 1986. Leo wako katika nchi zaidi ya 70, Kenya ikiwemo. Papa Fransisko alipowatembelea Juni 2014 aliwaeleza kwa mambo matatu: sala, maskini, amani. Hakuna maelezo mafupi kuliko hayo, na hayo matatu ndiyo niliyoyaona siku ile.

Kwa hiyo ni watawa wasiovaa kanzu?

Hapana. Hawaweki nadhiri. Wengi wameoa au wameolewa, wana watoto, wanalipa kodi ya nyumba, wanachelewa kazini kama watu wote. Mama aliyenipokea asubuhi anafundisha hisabati sekondari. Kijana aliyenitembeza anafanya kazi benki na alikuwa ameomba likizo ya siku moja. Hawaishi nyumba moja. Kinachowakutanisha ni sala ya jioni na maskini wanaowahudumia, na hawalipwi kwa hilo.

Mapadre wapo pia. Kardinali Matteo Zuppi, Askofu Mkuu wa Bologna na rais wa Baraza la Maaskofu wa Italia tangu 2022, aliwajua tangu akiwa kijana wa shule. Lakini jumuiya inaongozwa na walei, na hilo halijifichi: niliona mapadre wakisubiri maelekezo ya mama mpishi kama mimi tu.

Ulihitaji barua ya padre ili wakupokee?

Sikuombwa barua. Niliandika barua pepe nikajitambulisha, nikasema nasoma nini na nitakuwa Roma lini. Walinijibu wakanipa saa na mahali. Ukitaka kuingia kwenye sala ya jioni peke yake, hata hiyo barua pepe huihitaji. Mlango wa kanisa uko wazi kwa yeyote.

Siku yenyewe ilikwendaje?

Tulianzia kisiwani. Katikati ya mto Tiber kuna kisiwa kidogo chenye hospitali na kanisa la Mtakatifu Bartolomeo, ambalo jumuiya ilikabidhiwa mwaka 1993. Baadaye Papa Yohane Paulo II alitaka liwe mahali pa kuwakumbuka Wakristo waliouawa kwa ajili ya imani katika karne ya 20 na hii tuliyomo. Juu ya altare kuu kuna ikoni kubwa yao, na kwenye altare za pembeni kuna kumbukumbu zao kufuatana na bara au historia yao. Nilisimama kwenye upande wa Afrika muda mrefu kuliko nilivyopanga. Nitaeleza sababu kwenye swali la Mkongomani hapo chini.

Kutoka hapo tulivuka daraja kwa miguu hadi Trastevere. Ni mtaa wa vichochoro vya mawe, mikahawa mingi, nguo zimeanikwa madirishani. Makao ya jumuiya yako kwenye uwanja mdogo, ndani ya jengo la zamani lililowahi kuwa la watawa wa Karmeli. Bustani yake ina migomba. Niliiangalia nikacheka kwa furaha, na kijana wa benki akaniuliza kama kweli ndizi zake huliwa. Tulikula chakula cha mchana pamoja, pasta na saladi, na watu waliendelea kuingia na kutoka: mmoja na karatasi za kesi za wakimbizi, mwingine na mfuko wa dawa za mzee fulani.

Alasiri tukapanda Via Dandolo, ambako wana nyumba ya chakula kwa watu wasio na makao na familia zisizo na uwezo. Iko hapo tangu 1988. Papa Benedikto XVI alikula nao mezani hapo Desemba 2009. Nilipewa aproni na meza za kuhudumia, na nilikaa hapo hadi giza likaingia. Halafu sala, saa mbili na nusu usiku, katika Basilika la Santa Maria in Trastevere. Baada ya sala watu hawakutawanyika haraka; walisimama uwanjani karibu na chemchemi wakipanga nani atampeleka nani hospitalini kesho.

Hiyo ndiyo siku. Ukiitazama kwa haraka utasema hakuna kikubwa kilichofanyika.

Kwa nini chakula kinahudumiwa mezani? Foleni si ingekuwa rahisi?

Ingekuwa rahisi na ya haraka. Nimewahi kusaidia kugawa chakula hapa mjini, na mnajua inavyokuwa: mstari mrefu, sahani mkononi, sogea, anayefuata. Mwenye njaa anashiba, hilo si dogo. Lakini unaweza kugawa sahani mia bila kujua jina la mtu hata mmoja.

Kule mtu anaingia, anaketi, kuna kitambaa cha karatasi mbele yake, jagi la maji, mkate kwenye kikapu. Mhudumu anamsogelea na kumuuliza angependa nini, kisha anamletea. Anayekula nguruwe anajulikana na asiyekula anajulikana. Mwenye kisukari anajulikana. Kwenye meza zangu kulikuwa na mzee aliyekuwa akipenda kiti cha ukutani, na kabla hajafika kile kiti kilikuwa kimeshawekewa mfuko juu yake ili asikikose. Aliponiuliza natoka wapi nikamwambia Nairobi, Kenya. Akaweka uma chini, akaanza kunisimulia jinsi alivyomwona Abebe Bikila akikimbia marathoni ya Olimpiki ya mwaka 1960, pekupeku, usiku, kwenye mitaa ya Roma. Alikuwa mtoto, amebebwa mabegani na baba yake. Bikila alikuwa Mwethiopia, lakini sikuona haja ya kumkatiza. Alinieleza nyayo zile zilivyosikika kwenye mawe, akapiga meza kwa vidole kunionyesha mwendo wake, polepole kwanza, kisha haraka. Mwalimu wa hisabati alipita na sahani nne akasema hadithi hiyo hajawahi kuisikia, na huyo mzee anamjua miaka mingi.

Kama ningekuwa nasukuma foleni, hadithi hiyo ningeipata wapi?

Nilisikia ukimtaja Modesta. Ni mtakatifu?

Si mtakatifu aliyetangazwa. Modesta Valenti alikuwa mama mzee, umri wa miaka 71, aliyekuwa akilala kwenye kituo cha treni cha Termini. Tarehe 31 Januari 1983 alizidiwa. Ambulensi ilikuja, lakini wahudumu walikataa kumpakia kwa sababu alikuwa mchafu na ana chawa. Alikaa chini akisubiri kwa saa kadhaa huku wakibishana nani ambebe, akafa palepale.

Vijana wa Sant'Egidio walikuwa wakimfahamu. Tangu wakati huo, kila mwaka karibu na tarehe hiyo wanaadhimisha Misa ambayo ndani yake husomwa majina ya watu wote waliofia barabarani wanaowakumbuka, jina moja moja, na kwa kila jina mshumaa unawashwa. Na jiji la Roma lina barabara inayoitwa Via Modesta Valenti ambayo huwezi kuipata kwenye ramani: ni anwani wanayopewa kwenye daftari za serikali watu wasio na nyumba, ili waweze kupata kitambulisho na matibabu. Mwanamke aliyenyimwa nafasi kwenye ambulensi sasa ndiye anwani ya maelfu.

Nilipoambiwa hayo nilifikiria matangazo ya magazetini kwetu, yale ya miili isiyodaiwa kule mochari, na idadi ya walioandikwa bila jina. Hao nao walikuwa na mtu aliyekuwa akiwaita kwa jina siku moja. Jambo hili limenikaa rohoni kuliko lingine lolote la safari hii.

Sala ya jioni ikoje? Nitaelewa bila Kiitaliano?

Utaelewa zaidi ya unavyofikiri. Ni zaburi kwa nyimbo, somo la Maandiko, tafakari fupi, maombi, Baba Yetu, wimbo. Jioni niliyokuwepo tafakari ilitolewa na mlei, kwa dakika chache, na aliyeketi kando yangu alininong'oneza kwa Kiingereza yaliyosemwa. Waliombea wagonjwa kwa majina. Nilipewa karatasi ya kuandika jina, nikaandika la shangazi yangu. Lilisomwa kwa lafudhi ya Kiitaliano, na nililitambua.

Fika mapema kidogo ulitazame kanisa lenyewe. Nguzo zake 22 zilitolewa kwenye majengo ya Warumi wa kale. Nyuma ya altare kuna picha ya vijiwe vya rangi na dhahabu ya karne ya 12: Kristo na Mama yake wamekaa kiti kimoja, na mkono wa Kristo umemzunguka mama begani. Nimeona picha nyingi za Bikira Maria, lakini hiyo ya mwana kumkumbatia mama yake mbele ya watu wote iliniteka.

Kitu kingine: hakuna aliyeharakisha. Watu waliotoka kazini moja kwa moja, mikoba miguuni, wakaimba taratibu kana kwamba hawana treni ya kuwahi.

Mama yangu amesikia nataka kwenda, anaogopa ni kundi la kupotosha watu. Nimwambie nini?

Mwambie ana haki ya kuuliza. Baada ya yaliyotokea Shakahola mwaka 2023, ambako miili zaidi ya 400 ilifukuliwa msituni, mzazi Mkenya asiyeuliza maswali kuhusu kikundi cha dini angenitia wasiwasi zaidi.

Mambo ya kumweleza ni haya. Inatambuliwa na Kanisa tangu 1986 na iko chini ya mamlaka yake. Mapapa watatu waliopita wameingia na kutoka humo mchana kweupe. Hakuna anayetengwa na familia yake, hakuna anayeambiwa aache shule au hospitali. Kinyume chake, wana mpango wa tiba ya ukimwi uitwao DREAM, ulioanza Msumbiji mwaka 2002, wakati wataalamu wengi walikuwa wakisema dawa za kurefusha maisha haziwezekani kwa Mwafrika maskini. Walisema zinawezekana, wakazitoa bure. Kundi linalokuhimiza umeze dawa na umalize masomo yako si la kuogopwa. Na mama akibaki na shaka, nenda naye kwa paroko.

Walikuomba pesa?

La. Nilitoa nauli yangu ya tramu, basi.

Tofauti yao na jumuiya zetu ndogo ndogo ni ipi?

Hili ndilo swali ninalolipenda, na majibu yangu huwa marefu, mnivumilie.

Sisi tuna kitu ambacho wao wenyewe walikuwa wakiniuliza kwa hamu. Maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki ambao makao yake yako hapa hapa Nairobi, walizipa jumuiya ndogo ndogo kipaumbele katika miaka ya 1970. Matokeo yake, leo hakuna mtaa wa jiji hili usio na kikundi cha majirani wanaokutana nyumba kwa nyumba, wanasoma Injili ya Jumapili, wanachangia msiba, wanamtembelea mzazi aliyejifungua. Mama zetu wamelishika Kanisa kwa mikono hiyo. Nilipowaeleza kwamba kwetu mgonjwa wa jumuiya hufikiwa na majirani kabla padre hajapata habari, mwalimu yule wa hisabati alitoa daftari akaandika.

Lakini kuna jambo tunalopungukiwa, na nalisema kwa upendo. Jumuiya zetu huhudumia waliomo. Michango ni ya wanachama, ziara ni kwa wanachama, hata msiba una daftari la mahudhurio. Yule anayelala nje ya duka lililofungwa hana kadi ya jumuiya, kwa hiyo hayumo kwenye daftari la mtu. Sant'Egidio walianzia kwake. Watu wao wa kwanza kuwatembelea ni wale ambao hawatawahi kurudisha mchango.

Jingine ni sisi vijana. Katika mtaa mwingi jumuiya ni ya akina mama na wazee. Mwanafunzi anaenda anapotakiwa kupata barua ya ubatizo au kipaimara. Kule nilikuta wanafunzi wa sekondari ndio wenye zamu ya kuwatembelea wazee, na wanafunzi wa chuo ndio wanaofundisha watoto kwenye vikundi wanavyoviita Shule ya Amani. Hawasubiri wakue. Aliyeanzisha alikuwa na miaka 18, nani atawaambia wao ni wadogo?

Ni kweli watu hao hao walimaliza vita vya Msumbiji?

Walisaidia kuvimaliza, pamoja na wengine. Msumbiji ilikuwa imepigana yenyewe kwa yenyewe kwa muda wa miaka 16 hivi, na inakadiriwa watu milioni moja walikufa kwa risasi na njaa. Kuanzia Julai 1990 wajumbe wa serikali na wa RENAMO, kundi la waasi, walikutana kwenye makao ya Trastevere, ile nyumba yenye migomba. Wapatanishi walikuwa Riccardi, Zuppi ambaye wakati huo alikuwa padre wa kawaida, Askofu Mkuu Jaime Gonçalves wa Beira, na Mario Raffaelli aliyeiwakilisha serikali ya Italia. Ilichukua zaidi ya miaka miwili. Tarehe 4 Oktoba 1992, sikukuu ya Mtakatifu Fransisko wa Asizi, Rais Joaquim Chissano na kiongozi wa RENAMO, Afonso Dhlakama, walitia sahihi mkataba wa amani.

Walifikaje huko? Kwa njia ya ugali na chumvi, kama tungesema. Walikuwa wakipeleka misaada Msumbiji, wakaona kila wanachopeleka kinateketezwa na vita, wakaamua kutafuta wanaopigana.

Nairobi imeingia kwenye habari hii pia. Mazungumzo ya Sudan Kusini na makundi ambayo hayakutia sahihi mkataba wa amani wa 2018 yaliendeshwa Roma chini ya Sant'Egidio, kisha mwaka 2024 yakahamishiwa hapa kwa jina la Tumaini, mpatanishi mkuu akiwa Jenerali mstaafu Lazarus Sumbeiywo. Kwa hiyo usione ni habari za mbali.

Ulikuwa Mwafrika peke yako? Na huyo Mkongomani ni nani?

Sikuwa peke yangu, wala sikujisikia mgeni kwa muda mrefu.

Mkongomani ni Mwenye Heri Floribert Bwana Chui, kijana wa Goma. Alijiunga na Sant'Egidio akiwa mwanafunzi na alikuwa rafiki wa watoto wa mitaani. Aliwafundisha na kuwatafutia nafasi shuleni. Alipopata kazi ya kukagua bidhaa zinazovuka mpaka, alikataa kupitisha shehena ya mchele ulioharibika. Wakamletea rushwa, akaikataa. Mwaka 2007 alitekwa nyara, akateswa, akauawa. Alikuwa na umri wa miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa mwenye heri katika Basilika la Mtakatifu Paulo Nje ya Kuta, Roma.

Goma ni mji wa Kiswahili. Huyu kijana alisali, alitaniana na kufundisha watoto kwa lugha tunayoizungumza mimi na wewe. Na hakuuawa kwa kukataa kukana Msalaba mbele ya mfalme. Aliuawa kwa kukataa kitu kidogo. Kila mmoja wetu anayesoma uhasibu, ununuzi, uhandisi au afya ya jamii hapa Nairobi atakutana na hiyo bahasha, pengine mwaka wake wa kwanza kazini. Ndiyo maana pale kisiwani nilisimama mbele ya altare ya Afrika nikashindwa kuondoka. Nilikuwa nikimwomba anishike mkono siku yangu itakapofika.

Viza, nauli, malazi?

Mkenya anahitaji viza ya Schengen. Ada kwa mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024, na lazima uwe na bima ya matibabu ya safari isiyopungua yuro 30,000. Ombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na lisichelewe zaidi ya siku 15 kabla. Nakushauri usiende Roma kwa ajili ya siku hii pekee. Ni gharama kubwa. Ukiwa tayari unakwenda Ulaya kwa masomo, kongamano au hija na parokia, tenga siku moja. Kutoka Piazza Venezia tramu namba 8 inakufikisha Trastevere.

Nivae nini? Naweza kupiga picha?

Mabega na magoti yafunikwe kwa ajili ya makanisa, viatu vya kutembea kwenye mawe, na koti zito kama ni kati ya Novemba na Machi. Picha za kanisa piga. Watu wanaokula usiwapige. Mimi simu yangu niliiacha kwenye mkoba pamoja na koti, na ndiyo maana huyo mzee wa Bikila hamtamwona popote.

Sina viza wala nauli. Naanzia wapi hapa Nairobi?

Anza jioni moja kwa wiki, siku ile ile, mahali pale pale. Mkiwa wawili au watatu, si peke yako. Someni Injili ya siku kwanza, dakika kumi, ndipo mtoke. Chukueni chai na mkate kama mnavyoweza, lakini mkumbuke kwamba mkate ni sababu ya kusimama. Kazi yenyewe ni kuuliza jina na kulikumbuka wiki inayofuata. Familia zinazolala karibu na mzunguko wa Globe zinapitwa na wanafunzi kila siku ya Mungu.

Kama mtaani usiku kunakutia hofu, nenda kwa wazee. Kasarani kuna Nyumba ya Wazee inayoendeshwa na Masista Wadogo wa Maskini. Wamisionari wa Upendo, masista wa Mama Teresa, wako Huruma. Piga hodi, omba ruhusa, uliza saa zinazowafaa. Halafu rudi, kwa sababu shosho aliyekusimulia nusu ya habari za ndoa yake atakuwa amekaa akisubiri kumalizia.

Msikimbilie sherehe kubwa ya Krismasi. Chakula cha Krismasi cha Sant'Egidio, ambacho leo hufanyika katika nchi nyingi, kilianza mwaka 1982 ndani ya Basilika la Santa Maria kwa meza moja ya watu kama 20, na wote walikuwa wanafahamiana tayari kwa majina. Na kama ungependa kujua jumuiya yenyewe hapa Kenya, muulize padre mlezi wa chuo chako akuunganishe.

Rafiki yangu ni Mwislamu. Anaweza kuja?

Anaweza. Papa Yohane Paulo II aliwaalika viongozi wa dini zote Asizi kuombea amani tarehe 27 Oktoba 1986, na Sant'Egidio wameendeleza mikutano hiyo kila mwaka tangu 1987. Kwenye sala atakaa kama mgeni wa heshima, bila kulazimishwa chochote. Kwenye meza za chakula mikono yake inahitajika kama ya yeyote: siku niliyokuwa Via Dandolo, aliyekuwa akijaza majagi ya maji alikuwa kijana Mwislamu kutoka Senegali, aliyejifunza Kiitaliano kwenye shule yao ya bure na kubaki kusaidia.